Kumi Hadi Moja: Kutafuta Seva ya Bei Poa Kampala

Umemaliza kuandika programu. Ni ya chama cha akiba cha waendesha boda wa Wandegeya, au ya zahanati ya Ntinda, au ya kufuatilia karo za shule moja kule Mukono. Umeiandika mwenyewe mstari kwa mstari, ina hifadhidata yake, ina kazi zake za usiku, inatuma ujumbe kwenye simu za watu. Mwenyekiti ameiona kwenye kompyuta yako, amefurahi, halafu akauliza lile swali: "Sasa kijana wangu, hii kitu itakaa wapi, na kila mwezi tutatoa ngapi?"

Usitaje bei bado. Seva ya dola 4 inaweza kuwatoa pesa nyingi kuliko ya dola 24, na ya dola 24 inaweza kuwa hela ya kutupa kwa chama chenye wanachama mia mbili. Nimepanga mambo kumi ya kuangalia, kuanzia lile jepesi hadi lile ambalo nikikuta fundi kalipuuza, nashindwa kunyamaza. Hesabu zangu zote nimezifanya kwa shilingi 3,600 kwa dola. Benki yako ikisema vingine, gombana na benki.

10. Kompyuta iliyo chini ya meza

"Ipo ofisini, ilishanunuliwa, kwa hiyo ni bure." Anayesema hivi hajajumlisha umeme. Tujumlishe pamoja. Kompyuta ya mezani inayokula wati 100 usiku na mchana inamaliza uniti 2.4 kwa siku, yaani 72 kwa mwezi. Kadiria shilingi 700 kwa uniti: umefika 50,400. Seva ya kukodi (VPS) ya dola 6 ni shilingi 21,600, na jenereta inanguruma kwenye jengo la mtu mwingine.

Hapo hatujagusa kukatika kwa umeme kwenyewe. UEDCL ilipokea usambazaji wa umeme kutoka kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025, na bwawa la Karuma lina megawati zake 600, lakini waya unaoingia kwenye jengo lenu la Nasser Road ni uleule na mvua ni ileile. Ongeza UPS. Ongeza betri zake zinazochoka. Ongeza anwani ya IP isiyobadilika, ambayo kampuni ya intaneti huitoza peke yake. Na mdukuzi wa ng'ambo hata hajafika, kwa sababu ametanguliwa na shangazi wa ofisini mwenye birika, anayetafuta soketi saa nne asubuhi. Chai itachemka vizuri sana. Hifadhidata itakufa katikati ya sentensi.

Kwa majaribio, sawa. Kwa akiba za watu, hapana.

9. Hostingi ya kuchangia

Mashine moja, tovuti mamia, nawe unaingia kupitia cPanel. Kwa tovuti ya kanisa au duka linalotumia WordPress inatosha kabisa, na kampuni za hapa Kampala zinaiuza kwa mwaka na zinapokea malipo kwa simu. Kwa programu uliyoiandika mwenyewe, uliza mambo matatu kabla hujatuma hata shilingi. Naweza kuendesha Python au Node, au ni PHP tu? Naweza kuacha kazi ikiendelea nyuma usiku kucha bila kuuawa? Naweza kuingia kwa SSH? Ukijibiwa "tutaangalia, boss," ujue wameshajibu.

Jua pia kwamba bei hizi hazijachongwa kwenye jiwe. Mwaka 2019 cPanel ilibadilisha leseni zake ikaanza kutoza kwa idadi ya akaunti, na wenye hostingi ndogo wengi duniani wakausukuma mzigo ule kwa wateja.

8. Ya bure

Kizazi kizima cha mafundi kilijifunza kazi kwenye mpango wa bure wa Heroku. Tarehe 28 Novemba 2022 ukafungwa. Aliyekuwa na kadi akalipa, aliyekuwa na muda akahama, na asiyesoma barua pepe akaamka programu yake haipo. Oracle bado wanatoa mashine za bure, lakini wanataka kadi wakati wa kujisajili, na mashine wanayoiona imekaa bila kazi wanaweza kuichukua. Programu ya karo hukaa bila kazi likizo nzima.

Tumia ya bure kumwonyesha mwenyekiti. Chama kikishatoa shilingi yake ya kwanza, hamia ya kulipia. Bure haina namba ya kupiga.

7. RAM, na yule mnene anayeuawa saa nane usiku

Hapa tukae kidogo, maana ndipo programu nyingi nzuri zinapofia.

Wauzaji huanza na mashine ya RAM ya megabaiti 512 kwa dola 4, kisha ya gigabaiti 1 kwa dola 6. Hizo ndizo bei za DigitalOcean kwa mashine zao ndogo, na wengine hawako mbali nao. Fundi anachukua ya kwanza. Anaweka Ubuntu, anaweka PostgreSQL, anaweka programu, inawaka, anapiga picha ya skrini na kuiweka kwenye hali ya WhatsApp. Mwezi unaisha. Saa nane usiku ripoti ya wanachama wote inaanza kutengenezwa, RAM inajaa hadi ukingoni, na Linux inalazimika kuchagua nani wa kuua ili mashine ipone. Huchagua mnene. Mnene wako ni hifadhidata. Asubuhi mweka hazina anakupigia: "Mbona inasema kosa 500? Mia tano ya nani?"

Kwa hiyo, kabla ya kuamua ukubwa, ingia kwenye seva ya majaribio programu ikiwa kazini, andika free -h, na usome safu iliyoandikwa available. Safu ya free itakutisha bure. Linux huikopa RAM iliyokaa kihasara kuhifadhi faili ilizosoma karibuni, na huirudisha ikitakiwa. Free ikisoma megabaiti 60, endelea na chai yako. Available ikisoma 60, weka kikombe chini.

Tiba si ghali. Tenga swapu ya gigabaiti 1 au 2 kwenye diski ili mashine ipate pa kupumulia. Punguza idadi ya wahudumu wa programu wanaoendeshwa kwa pamoja, maana kila mmoja ana njaa yake. Ripoti kubwa itengeneze kwa mafungu. Ukishafanya hayo, kwa chama cha kawaida gigabaiti 2 zinatosha na kubaki. Kori nane unazotangaziwa waachie wanaotengeneza filamu: wanachama elfu mbili hawaingii kwa dakika moja hata siku ya gawio.

Na diski? Diski haijazwi na wanachama, inajazwa na logi. Programu inaandika kila ilichofanya, mwezi baada ya mwezi, hadi siku inapofika asilimia 100 na PostgreSQL kugoma kuandika muamala mpya. Washa logrotate siku ya kwanza. Ni dakika chache, na hakuna atakayekushukuru, kwa sababu hakuna kitakachoharibika.

6. Hata seva ina bando

Ya seva huhesabiwa kwa kinachotoka. Kwenye mashine ya dola 6 ya DigitalOcean unapewa terabaiti 1 kwa mwezi. Hetzner, kwenye vituo vyake vya Ulaya, wamezoeleka kwa terabaiti 20. Sasa nenda AWS, kituo chao cha Cape Town kilichofunguliwa 2020: gigabaiti 100 za kwanza ni bure, kisha kila gigabaiti inayotoka kwenda intaneti kwa orodha yao ni dola 0.154. Ukitoa gigabaiti 500, unalipia 400, sawa na dola 61.60, yaani shilingi 221,760. Na hiyo ni data ya kutoka tu, mashine yenyewe ina bili yake.

AWS ni huduma imara, wala sina ugomvi nayo. Lakini ukimpelekea mwenyekiti bili isiyojulikana hadi mwezi uishe, utaujua upande wake wa pili. Kwa mteja mdogo chagua bei iliyofungwa: kiasi hiki kwa mwezi, mvua inyeshe, jua liwake.

Halafu punguza mzigo. Mwanachama anapiga picha ya kitambulisho kwa simu, inatoka megabaiti 4. Ipunguze ndani ya kivinjari kabla haijapanda, iwe kilobaiti 200, na uso bado utasomeka. Anayefaidi kwanza ni yeye, maana tangu Julai 2021 kila bando la intaneti Uganda lina ushuru wa asilimia 12, baada ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018. Faili zisizobadilika zipitishe Cloudflare, ambao hata mpango wao wa bure hautozi kwa gigabaiti, na wana vituo Nairobi na Mombasa.

5. Kampala, Nairobi, Johannesburg au Frankfurt?

Hapa ndipo mafundi wanapobishana hadi chapati ya rolex inapoa mkononi.

Tuanze na umbali. Kutoka simu iliyoko Kampala hadi seva iliyoko Ujerumani na kurudi, tegemea milisekunde kama 150. Nairobi ni kama 20. Afrika Kusini iko katikati, mradi kampuni yako ya intaneti ina njia nzuri, kwa sababu kuna njia zinazozunguka Ulaya kwanza ndipo zirudi kusini. Usiniamini mimi, pima: ping na mtr, kwa laini ya MTN na ya Airtel, asubuhi na jioni. Kufungua ukurasa salama kunataka safari tatu kabla ya neno la kwanza kuonekana: moja ya kuunganisha, moja ya kukubaliana usiri, moja ya kuomba ukurasa wenyewe. Ujerumani, milisekunde 450. Nairobi, 60. Kwa mtu anayejaza fomu ya mkopo, nusu sekunde hata hajamaliza kufikiri aandike kiasi gani.

Kinachoua kasi ni kitu kingine kabisa. Fundi anaweka programu Kampala "iwe karibu na watu," halafu anaacha hifadhidata Frankfurt kwa sababu kule ilikuwa ya bei rahisi. Ukurasa wa orodha ya wanachama unaiuliza hifadhidata mara 60. Sitini mara 150 ni sekunde 9. Mtumiaji ameshafunga ukurasa, ameshapiga simu, ameshasema programu yako ni mbovu, na kwa kweli kila mstari wake ni mzima. Programu na hifadhidata walale chumba kimoja. Ukishindwa kuwaweka pamoja Kampala, wapeleke wote Ulaya.

Sasa suala la mikongo. Uganda haina bahari. Trafiki yetu inapita Kenya au Tanzania hadi ufukweni, ndipo inaikuta mikongo ya SEACOM na TEAMS iliyofika Afrika Mashariki 2009, au EASSy ya 2010. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika pamoja kule kusini, na Afrika Mashariki ikaburuta intaneti siku kadhaa. Siku kama hiyo ndiyo seva iliyoko Kampala huonyesha thamani yake. Kampuni za intaneti za hapa hubadilishana trafiki zao hapahapa kupitia UIXP, kituo kilichoanzishwa 2001, kwa hiyo ombi la kutoka simu ya Kawempe hadi seva ya Kampala halina haja ya kuiona bahari. Ila kagua programu yako: ukurasa ukiwa unavuta herufi kutoka seva ya Marekani na ramani kutoka seva nyingine ya Marekani, utakaa ukizunguka pale pale kama wenzake, ingawa seva iko Namanve. Vipakue vitu hivyo, viweke kwako.

Namanve naitaja kwa sababu ndiko kiliko kituo cha data cha Raxio, kilichofunguliwa 2021, cha daraja la Tier III, ambacho mitandao mbalimbali inaingia bila upendeleo. Wewe na mimi hatukodi rafu pale. Tunanunua VPS kwa kampuni iliyoweka mashine zake kwenye kituo cha namna hiyo. Muulize muuzaji mashine ziko jengo gani. Akisema "kwenye wingu," muulize wingu hilo lina jenereta ngapi. Na kama mteja wako ni chuo kikuu, taasisi ya utafiti au hospitali ya kufundishia, kabla ya yote uliza kama ni mwanachama wa RENU, mtandao wa elimu na utafiti ulioanzishwa 2006, kwa sababu wanachama wake huweza kupata huduma za seva kupitia huko.

RAM ileile kwa kawaida utailipia zaidi Kampala kuliko Ujerumani. Mashine zimeagizwa, umeme ni ghali, soko ni dogo. Unachopata ni bili ya shilingi, malipo kwa simu, na mtu unayeweza kumwendea ana kwa ana ukiwa umekasirika. Hicho nacho ni huduma.

Uamuzi wangu ni huu. Zahanati ambayo mgonjwa amekaa kwenye benchi akisubiri faili lake lifunguke: lipia Kampala au Nairobi, usione uchungu. Chama cha akiba, mfumo wa karo, oda za duka la Kikuubo: nenda Ulaya kwa bei nafuu, na tofauti ya pesa iweke kwenye namba 2 hapa chini. Na kote kote, kumbuka Januari 2021. Intaneti ilizimwa nchi nzima mkesha wa uchaguzi, tarehe 13, ikarudi tarehe 18. Siku zile kuchagua mji wa seva hakukumsaidia aliyeshika simu isiyo na mtandao. Programu ya zahanati iwe na uwezo wa kuhifadhi kwenye kifaa chenyewe na kutuma baadaye. Nesi hapaswi kurudi kwenye daftari kwa sababu ya ratiba ya uchaguzi.

4. Sheria, kabla haijakutafuta

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 na kanuni zake za 2021, na ofisi ya kuisimamia iko chini ya NITA-U. Anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi anatakiwa kujisajili pale. Kifungu cha 19 ndicho kinachoihusu seva yako ya Frankfurt: taarifa zikichakatwa au kuhifadhiwa nje ya nchi, ama nchi hiyo iwe na ulinzi unaolingana na wa kwetu, ama mwenye taarifa awe ameridhia. Kwa hiyo Ulaya haijakatazwa, ila usiipeleke data kule kimyakimya.

Fomu ya kuridhia iandike kwa lugha ambayo mwanachama anaisoma, Luganda au Kiswahili, kwa herufi za ukubwa wa kawaida. Mtu anayekuamini akiba yake anastahili kujua ilipo namba yake ya kitambulisho. Mteja akiwa na matawi Nairobi au Mwanza, Kenya ina sheria yake ya 2019 na Tanzania ya 2022. Soma zote, ni fupi kuliko mwongozo wa Kubernetes.

3. Kadi ya nani, jina la nani?

Seva nyingi za bei poa haziuawi na wadukuzi wala na RAM. Zinauawa na kadi iliyoisha muda. Kampuni inajaribu kukata dola 6, inakataliwa, inatuma onyo, inatuma la pili, inazima mashine, kisha inaifuta. Maonyo yote yalikuwa yakienda kwenye barua pepe ya fundi, na fundi yuko Dubai tangu mwaka jana.

Mazungumzo ya kufanya mapema ni haya:

"Mwenyekiti, akaunti ya seva tuifungue kwa jina la chama."

"Lakini mtaalamu si ndiye wewe, kijana wangu?"

"Ndimi, mzee. Na mtaalamu naye anapanda boda kila siku."

Mwenyekiti wa chama cha boda atakuelewa kabla hujamaliza sentensi.

Fungueni barua pepe ya chama, wawili waijue nywila. Kama kampuni inapokea malipo ya mbele, wekeni ya miezi mitatu, ili kadi ikigoma mpate muda wa kupumua. Kwenye bajeti andika bei yenye kodi, kwa sababu VAT ya Uganda ni asilimia 18 na bili nyingine huja nayo: zile dola 6 zinakuwa 7.08, na benki nayo ina kiwango chake cha kubadilishia. Na domeini msiisahau. Jina linaloishia na .ug au .co.ug lisajiliwe kwa jina la chama chenyewe, na tarehe yake ya kuisha ibandikwe ukutani ofisini. Seva ikipotea utaweka nyingine. Jina likipotea, wanachama wote wanakwenda kwenye mlango wa mtu mwingine.

2. Nakala rudufu, na gzip ya hewa tupu

Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, jengo la SBG2 la kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, liliungua lote. Hii ni kampuni kubwa, na ni Ulaya, penye zima moto na umeme wa uhakika. Kulikuwa na wateja waliokuwa wakilipia nakala rudufu, na nakala zao zilikuwa palepale. Ziliungua pamoja na asili.

Kwa hiyo kitufe cha nakala cha kampuni yako kibonyeze, lakini usikiite nakala. Nakala ikae kwa kampuni nyingine, ikiwezekana nchi nyingine, na nywila yake isiwe ile ile. Kila usiku pg_dump, kubana, kufunga kwa ufunguo, kutuma. Chama chenye faili la megabaiti 300 likishabanwa, ukiweka la kila siku kwa siku 30, ni gigabaiti 9. Backblaze wanatoza kama dola 6 kwa terabaiti nzima kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe, halafu niambie tena kwamba chama hakina bajeti ya nakala.

Sasa njoo karibu, tuangalie folda yenyewe. Faili thelathini, tarehe zimepangwa vizuri, kila moja ya usiku wake. Soma safu ya ukubwa. Nimeona folda ambamo faili zote zina baiti 20. Baiti 20 ndizo gzip inazotoa ikipewa kubana hewa tupu. Nywila ya hifadhidata ilibadilishwa, pg_dump ikakataliwa mlangoni, na ile kazi ya usiku ikaendelea kubana hewa kwa uaminifu mkubwa, wiki baada ya wiki, bila kulalamika kwa mtu.

Dawa ni mbili. Kwanza, hati yako ya usiku ikague ukubwa, na faili likipungua ghafla itume ujumbe kwenye simu yako. Pili, kila mwezi chukua mashine tupu, irudishe nakala humo, hesabu wanachama, tafuta muamala wa mwisho wa jana jioni, na umwite mweka hazina aone jina lake. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa bado ni matumaini, na wanachama hawakuweka matumaini benki.

1. Uwezo wa kuondoka

Heroku ilifuta ya bure. cPanel ilipandisha. Linode ilinunuliwa na Akamai mwaka 2022. Kampuni nzuri ya leo inaweza kubadilika bila kukuuliza, na shilingi inaweza kuteleza dhidi ya dola mwezi huohuo. Ndiyo maana, kati ya yote kumi, swali la kwanza kwangu ni hili: ikibidi, chama hiki kinaweza kuhama jioni moja? Kikiweza, seva yoyote ya bei poa ni salama kuijaribu. Kisipoweza, muuzaji ndiye anayepanga bei, na nyinyi mnapanga foleni.

Kuweza kuhama kunajengwa tangu wiki ya kwanza. Msimbo ukae kwenye Git, chini ya akaunti ya chama. Kila ulichofanya kuiandaa seva, kuanzia kuweka PostgreSQL hadi cheti cha bure cha Let's Encrypt, kiandike kwenye hati moja inayoweza kuendeshwa upya bila wewe kukumbuka chochote. Siri zote, nywila za hifadhidata na funguo za huduma ya ujumbe, zikae kwenye faili moja lisiloingia Git, na nakala yake iwe kwenye kabati la mweka hazina. Huduma za pekee zinazopatikana kwa kampuni moja tu ziepuke hata zikiwa tamu. PostgreSQL ya kawaida utaikuta kila mji duniani. Domeini isimamiwe mahali tofauti na seva, ili ugomvi wa huku usifunge mlango wa kule.

Kisha fanyeni mazoezi. Mashine za DigitalOcean na Hetzner hulipiwa kwa muda mliozitumia, si lazima mwezi mzima. Ya dola 6 kwa mwezi haifiki senti moja ya dola kwa saa, kwa hiyo jioni nzima ya saa tano haitamaliza shilingi 200. Rolex moja pale Wandegeya ni ghali kuliko zoezi zima, na mimi ningependekeza mnunue zote mbili. Chagueni Jumamosi. Kijana mwingine wa timu, yule ambaye hakuandaa seva ya kwanza, apewe hati na faili la siri, nawe ukae mikono mfukoni. Kila mara anapokuuliza "halafu?", pana mstari unaokosekana kwenye hati. Uandike hapohapo.

Siku ya kuhama kweli, mapema kabla yake shusha TTL ya domeini hadi sekunde 300. Usiku, simamisha uandishi kwenye seva ya zamani, chukua nakala ya mwisho, irudishe kwenye mpya, hesabu wanachama, geuza anwani, omba mtu wa MTN na mtu wa Airtel wafungue kwa wakati mmoja. Ile ya zamani iache ikiwaka wiki moja ikiwa na ukurasa mmoja tu wa kusema tumehama, kwa sababu kuna simu fulani kule Mukono bado itakuwa na anwani ya jana.